Mabomba Yaliyomngoja Mgeni Rasmi

Nyie vijana mnaojiita mafundi bomba mtanipandisha presha. Juzi nimepita madukani hapa Kasulu kununua chumvi, nikakuta roli za mabomba meupe zimeanikwa juani mbele ya duka kama mihogo. Nikamuuliza kijana mwenye duka, hizi zimekaa hapa tangu lini? Akanijibu huku anachezea simu, "Bibi, hiyo ni plastiki, haiozi." Haiozi! Nimefanya kazi ya plastiki mpaka nikastaafu, vidole vyangu hivi vina makovu ya kuungua, halafu mtoto aliyezaliwa juzi ananiambia haiozi. Nilirudi nyumbani bila chumvi.

Basi kaeni mnisikilize, na hizo simu wekeni pembeni. Mkishanisikiliza mtafanya mnavyotaka, najua, lakini angalau mtakapoharibu hamtasema hamkuambiwa.

Niliingia kwenye kazi ya maji miaka ya sabini kwa kupitia jikoni. Kikosi cha kulaza mabomba kilikuwa kinazunguka vijiji vya Kibondo na Kasulu, na mimi Teodora nikaajiriwa kuwapikia. Mafundi wote walikuwa wa chuma, watu wa spana kubwa na matusi makubwa. Mabomba ya plastiki yalipoletwa mara ya kwanza, waliyacheka. Gervas, aliyekuwa na mikono minene kuliko wote na mdomo kuizidi mikono, akasema kuyeyusha plastiki juu ya jiko la mkaa si kazi ya mwanaume, apewe mpishi.

Gervas alikuwa anatania. Msimamizi wetu, Bwana Rashidi, hakuwa mtu wa utani. Alikuwa mtoto wa mwenye duka wa hapa hapa Kasulu, ukoo wao wa Ujiji, na alikuwa amepelekwa Dar es Salaam kusomea plastiki. Alirudi na elimu yote kichwani na hana wa kumgawia, maana mafundi wa chuma walikuwa wanasinzia akifungua mdomo. Aliponitazama na mwiko wangu mkononi, akasema, "Haya, Teodora. Unajua kungoja chungu kiive?" Nikasema najua. "Basi umeshawazidi hawa." Tangu siku hiyo ugali akapika Gervas, na ulikuwa na mabuja mpaka tunaumwa matumbo.

Sasa sikilizeni alichonifundisha, maana ndicho ambacho yule kijana wa duka hakijui. Plastiki ya bomba si kitu kimoja kigumu kama jiwe. Ni nyuzi. Kila molekuli yake ni mnyororo, kaboni imeshikana na kaboni, nyingine imeshikana na hiyo, hivyo hivyo, mnyororo mwembamba usioonekana lakini mrefu ajabu ukilinganisha na wembamba wake. Ndani ya bomba minyororo hiyo imejiviringa na kupitana, huu umeingia kwa ule, ule umezunguka mwingine. Hakuna gundi inayoishikilia. Nguvu ya bomba inatokana na urefu tu.

Nilipomtolea macho, Rashidi akaudhika, akaniuliza, "Wewe husuki nywele? Nywele ndefu zikivurugana, unaweza kuzitenganisha kwa kuvuta?" Nikasema huwezi, utalia. "Na zikinyolewa zikawa vipande vipande sakafuni?" Nikasema hizo unazifagia. "Ndiyo hivyo. Minyororo mirefu huivuti ikaachana. Ikiwa mifupi, inateleza tu." Hiyo ndiyo fizikia yote ya bomba la plastiki, wanangu. Mengine ni hesabu.

Ukiunga mabomba mawili, unapasha sahani ya chuma juu ya mkaa, unagusisha midomo yote miwili mpaka inalainika, unaondoa sahani, unaibananisha. Halafu unangoja. Kungoja ndiyo kazi yenyewe! Minyororo ya bomba hili inatakiwa ihame polepole, iingie upande wa pili, ijivuruge na wenzake. Kadiri ilivyo mirefu ndivyo inavyojivuta kwa taabu. Hatukuwa na saa, ya Rashidi ilikuwa imekufa, kwa hiyo mimi nilipima kwa sala. Baba Yetu kwa sahani, Salamu Maria kwa kubana, taratibu, bila kumharakisha Mungu. Rashidi naye alikuwa upande wa pili anavuta uradi wake chini chini. Gervas alituona tumeshikilia bomba tumefumba macho, akauliza kama tunalizika.

Siku moja huyo huyo Gervas, kwa kutuonea huruma, akamwaga maji ndoo nzima kwenye kiungo cha moto ili kipoe upesi tukale. Kikapoa kweli. Asubuhi kikaachia kama ganda la ndizi. Minyororo ilikuwa bado iko mlangoni, haijavuka. Rashidi alimtukana kwa Kiswahili, kwa Kiha na kwa Kiarabu kidogo, na Gervas akasema, "Sasa mimi nilijuaje kama vitu visivyoonekana vilikuwa vinatembea?"

Hilo neno lake nimelikumbuka miaka yote, kwa sababu ndilo lililotutesa kule upande wa Kitahana.

Kijiji sitakitaja, wajukuu wa mwenyekiti wako hai na wana ubishi wa babu yao. Watu walikuwa wamehamishiwa juu ya mgongo wa kilima wakae pamoja, karibu na barabara na shule na zahanati. Maji hayakuhamishwa. Yalibaki kwenye chemchemi, kilima cha pili, na katikati kuna bonde refu la kukatisha tamaa. Sisi tukaletwa kuyashusha bondeni na kuyapandisha kijijini kwa bomba.

Mtu wa kwanza kutupokea alikuwa mkunga wa zahanati, Mama Skolastika, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito. Hakutupa hata pole ya safari. Alinishika mkono akaniingiza chumba cha kuzalishia, kisafi, kimepakwa chokaa, na pembeni pana beseni moja na kikombe.

"Mimi nazalisha kwa kikombe," aliniambia. "Anayekuja na ndugu wa kumchotea maji bondeni, ego, ndiyo, namhudumia. Anayekuja peke yake uchungu umeshashika, nanawa kwa maji ya mwenzake. Juzi tumezika mama mmoja kwa homa ya uzazi. Mtoto tumeachiwa. Niambie ukweli, mwanangu, amazi, hayo maji, yanakuja au mmekuja kutuchimbia mahandaki?"

Nikamwambia yanakuja. Nilimaanisha kabisa. Mabomba yalikuwa yameshafika kabla yetu, na mitaro ilikuwa imechimbwa.

Halafu tukaenda kuyaona mabomba.

Yalikuwa meupe kama maziwa. Sijui nani aliyachagua. Bomba jeusi limechanganywa na masizi, na yale masizi yanalinyonya jua kabla halijafika kwenye minyororo. Jeupe halina kinga. Mwanga wa jua ukishirikiana na hewa unaikata ile minyororo kimyakimya, mmoja huku, mwingine kule, mirefu inakuwa mifupi. Bomba jeupe linatakiwa kufunikwa siku ile ile linaposhushwa garini, na lizikwe haraka. Na ya kwetu yalikuwa wapi? Yalikuwa kando ya barabara, yamejengwa kama lango la harusi! Roli zimepangwa juu ya roli pande zote mbili, juu zimefungwa matawi na maua, na wanawake walikuwa wameyapaka mawese yang'ae. Mawese! Yalikuwa yameshika vumbi lote la barabara ya Kibondo.

Rashidi aliuliza kwa utaratibu, maana mwanzoni alikuwa bado na utaratibu, kwa nini mabomba yako hapa.

"Yanamngoja mgeni rasmi," akasema mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, mwenye heshima zake, na hakuwa mwizi wala mlevi. Ningependa awe mlevi, ingekuwa rahisi kumwelewa. "Mkubwa wa mkoani atakuja kutukabidhi rasmi. Kabla ya kukabidhiwa, si yetu. Utazikaje kitu ambacho hujakabidhiwa?"

"Basi yafunikeni, Ndugu Mwenyekiti. Jua linayakata."

Mwenyekiti akalizunguka lango lote, mikono nyuma, akiinama kila roli. Akarudi. "Yamekatika wapi? Nionyeshe."

"Haionekani kwa macho."

"Nikiyafunika, ndugu yangu, mgeni ataona nini? Turubai?"

Mimi nilijaribu na zile nywele. Mwenyekiti alinisikiliza vizuri sana mpaka mwisho, halafu akamwambia Rashidi, "Mpishi wenu anaongea vizuri."

Mgeni rasmi hakuja. Akaahidi wiki nyingine, hakuja. Kikatokea kikao, likatokea daraja, ikatokea gari bovu. Kiangazi chote, wanangu, kiangazi chote lango limesimama juani, maua yakikauka wanabadilisha maua. Tulikata nyasi tukayafunika wenyewe alfajiri, na mchana mgambo akaja akaziondoa, kwa sababu kulikuwa na tetesi kwamba mgeni ameonekana Kasulu. Rashidi alikuwa anaongea peke yake. Alikuwa anawashika watu njiani, hata wazee wanaokwenda kunywa pombe, anawaeleza habari za kaboni. Mmoja alimjibu, "Mwanangu, paa langu la bati liko juani mwaka wa tatu," na akaenda zake ameridhika.

Skolastika alikuwa anakuja kila Jumapili baada ya misa kuuliza, "Leo?" Nasema bado. Anatazama lango, anatazama bonde, anarudi kwenye kikombe chake. Niliona aibu kuliko kama angenitukana.

Halafu ghafla, taarifa: mgeni anakuja kweli, na lango halitaki. Anataka afungue koki maji yatoke mbele ya ofisi ya kijiji. Kijiji kizima kikachanganyikiwa. Mwenyekiti akatwambia tuunge haraka, tutapewa watu wote wa kutusaidia.

Nikawasha jiko, nikashika bomba la kwanza. Likayeyuka upesi ajabu. Sikumaliza hata Baba Yetu moja, midomo imelainika, inang'aa, nikabana, kiungo kikatoka na ukingo mzuri kama umepakwa kwa kisu. Wanaume waliokuwa wanasaidia wakapiga makofi. Gervas akasema, "Leo Teodora umeiva!"

Nami nikakigeuza kile kiungo, nikakitazama tena. Plastiki nzuri haiyeyuki kwa adabu namna ile. Minyororo mirefu ikipata moto inang'ang'ania, inakuwa nzito kama ugali unaosongwa, lazima uibembeleze. Inayotiririka upesi ni mifupi. Nikachukua kipande, nikakiweka juu ya sahani, nikakigusa kwa kijiti na kuvuta. Plastiki nzima inakupa uzi mrefu mwembamba, inavutika kama mlenda. Hiki kilinipa uzi wa urefu wa kidole, ukakatika. Nikakata ukanda mwingine ubavuni mwa bomba, nikaukunja upande ule uliotazama jua. Ukapasuka vijistari vijistari kama tope lililokauka.

Hivyo vipimo viwili vijueni, vijana. Havihitaji umeme wala mashine. Vuta uzi, kunja ukanda. Yule kijana wa duka angejaribu kimoja tu, angelia.

Nilimwita Rashidi. Alivuta uzi mwenyewe, ukakatika. Alivuta tena. Halafu akakaa chini kwenye vumbi na ovaroli yake safi, akasema, "Nilimwambia. Teodora, si nilimwambia?" Nilitaka kulia kwa hasira. Nilimfikiria Skolastika na ile Jumapili inayofuata.

Tukalibomoa lango, tukapima roli moja moja. Za juu na za ubavuni zote zilikuwa zimekufa. Zilizokaa chini, kwenye kivuli cha wenzao, zilivuta uzi mrefu, safi. Rashidi akatembea njia yote kwa miguu akipima kwa kamba, akarudi jioni na uamuzi. Bomba zima, lile lisilokufa, lingeshuka kutoka chemchemini, lipite bondeni na kupanda mpaka ukutani mwa zahanati, liishie hapo. Bondeni ndiko maji yote ya kilima yanakolilemea bomba. Ukiweka bovu kule, hakuna atakayepata hata tone. Kutoka zahanati kwenda ofisini ni juu, mzigo wa maji ni mdogo, huko tungelaza yale mafu, tukiomba Mungu. Na pale ukutani tungefunga koki ndogo ya chumba cha kuzalishia, na koki kubwa ya kutenga upande mmoja na mwingine.

Mwenyekiti hakupenda. Aliona kwamba tukiacha kuzungukia zahanati, bomba zima lingefika ofisini moja kwa moja, na zahanati ingengoja awamu nyingine. Rashidi akakataa. Waligombana mpaka sauti ya mwenyekiti, kwa mara ya kwanza, ikapanda. Mwisho akakubali, kwa sababu maji yangefika ofisini vyovyote, na siku zilikuwa zimeisha.

"Sharti moja," Rashidi alimwambia mbele yetu wote. "Mgeni akishafungua koki, isifungwe. Maji yakitembea, bomba linapumua. Ukifunga, mzigo wote unakaa ndani yake. Tutaenda kufunga sisi kule zahanati, polepole."

"Nimeelewa," akasema mwenyekiti.

Mgeni akaja. Wanafunzi wakaimba, ngoma ikalia, hotuba ikawa ndefu kuliko bomba. Akafungua koki. Maji yakatoka! Watu walipiga kelele, "Amazi! Amazi!", wazee wakaweka mikono chini ya koki wakajipaka usoni. Hata Rashidi alicheka. Yakatiririka chini, yakafika kwenye viatu vya watu, yakatengeneza kijito kuelekea barabarani. Na mwenyekiti, aliyekuwa ameishi miaka yote akichotewa maji bondeni, akaona maji yanamwagika bure mbele ya mgeni. Akaona aibu. Akanyoosha mkono, akafunga koki.

Bomba lilipasuka kwa urefu, kama ganda la njegere. Ardhi iliruka. Mgeni rasmi alilowa kuanzia kiunoni kwenda chini, na vigelegele viliendelea kidogo, maana waliokuwa nyuma walidhani ndiyo sherehe yenyewe. Nilikimbia mpaka zahanati nikafunga koki kubwa. Niliporudi mgeni alikuwa ameshaondoka, na mbuzi wake hajaguswa.

Nilidhani sasa mwenyekiti ameelewa. Ndivyo nilivyokuwa, bado na imani na watu. Alisimama kwenye tope, ameloa, akasema kwa ile sauti yake ya upole kwamba bomba zima liko zahanati, basi lifukuliwe, lije ofisini moja kwa moja, mgeni arudi aone kazi iliyokamilika. Rashidi alipaza sauti, akaambiwa akiendelea atapelekwa wilayani kama mhujumu. Wanaume wakachukua majembe. Gervas peke yake alikataa. Alikaa juu ya ndoo akasema yeye ni mpishi.

Tukawafuata mpaka zahanati. Jembe la kwanza lilikuwa limeshainuliwa Skolastika alipotoka mlangoni. Mikono yake ilikuwa na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Ndani tulisikia maji yanatoka kwenye koki, na mtoto mchanga analia kwa hasira kama wanavyolia wakiogeshwa mara ya kwanza.

Skolastika aliwatazama wote, na majembe yao, na mwenyekiti.

"Chimbeni tu, Ndugu Mwenyekiti," akasema. "Siwezi kuwazuia. Ila mnisubiri kwanza nimalize kuogesha."

Akarudi ndani. Hakuna mwanaume anayeweza kumkatia maji mkunga mwenye mtoto mikononi, kwa hiyo walisubiri. Walikaa kwenye ukingo wa mtaro, majembe magotini. Baadaye akaletwa mama mwingine, anatembea kwa kushikiliwa, wakasimama kumpisha. Jua lilipozama mwenyekiti alibisha mlango kwa heshima, akauliza kama amemaliza. "Bado," akajibiwa. Walirudi asubuhi, wakauliza. Bado. Walirudi wiki iliyofuata, wachache zaidi, halafu mwenyekiti peke yake, mikono nyuma, akasimama mlangoni anasikiliza yale maji.

Skolastika alizalisha pale mpaka akazeeka, na hakuwahi kumwambia mtu kwamba amemaliza.